Kamba ya Mikebe

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliotuachia maneno hayo walikuwa na maana njema: anayebisha mlangoni huenda amebeba neema ambayo mwenye nyumba hana, basi afunguliwe. Lakini wahenga hao, Mungu awarehemu, hawakusema ni nani atakayemchemshia mgeni chai, nani ataosha vikombe, wala nani atafua shuka mgeni akishazichafua. Hayo waliwaachia akina Nzilani.

Nzilani, ambaye majirani walimwita Mama Muthoki kwa jina la binti yake wa pekee aliyeolewa Kisumu, aliishi Komarock katika nyumba ndogo yenye lango jeusi la chuma, baraza nyembamba mbele na ua wa saruji ambao ungetoshea gari moja, lau wangekuwa na gari. Uani humo alikuwa amefunga kamba nne za kuanikia nguo, kutoka ukuta hadi ukuta. Zamani kamba moja ilitosha. Nyingine tatu zilikuja na ugonjwa.

Mumewe, Muoki, alikuwa mchongaji wa vinyago. Kwa miaka thelathini alichonga twiga katika banda moja karibu na Gikomba. Twiga tu. Katika banda lao kila mchongaji alikuwa na mnyama wake. Wa simba hakugusa kifaru, na wa kifaru hakugusa twiga. Mkono wa Muoki ulimjua twiga kuliko macho yake yalivyomjua, akaweza kumtoa ndani ya gogo huku akipiga gumzo na kumcheka jirani yake. Kisha mwezi wa Mei kiharusi kikamwangusha mbele ya twiga aliyekuwa amekwisha shingo, miguu bado. Alipotoka hospitalini, upande wa kulia ulikuwa umelala. Mguu ulijikokota, ulimi ukawa mzito, na ule mkono wa kushika tezo la kuchongea ukakaa mapajani mwake, vidole vimejikunja kama mtu aliyeficha kitu kiganjani.

Tangu siku hiyo nyumba haikukosa wageni. Walikuja wa kanisani, walikuja wa bandani, walikuja jamaa wa Masii ambao Nzilani alikuwa amewaona mara ya mwisho arusini kwake. Kila mmoja alikaa, akatikisa kichwa, akaomba dua ndefu, akanywa chai na kuaga jua likielekea kuzama. Mgonjwa alichoka, na mkewe alichoka zaidi, kwa maana mgonjwa hakuhitajiwa kuandaa chapati.

Aliyemchosha kuliko wote alikuwa shemeji yake Matheka, kaka mkubwa wa Muoki. Alitoka Masii kila mwisho wa mwezi, na kabla hajavuka lango sauti yake ilikuwa imekwisha kufika jikoni.

"Hodi humu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Mkono mtupu haulambwi, nao wa Matheka daima ulikuwa mtupu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda ndugu yake, ila upendo wake ulikuwa na njaa. Mwezi wa Oktoba, alipokwisha kupangusa sahani ya pili, alishusha sauti kana kwamba Muoki hakuwa pale pale barazani akisikia kila neno.

"Mama Muthoki, ukoo umekaa na kuongea. Umefanya kazi yako, hakuna atakayekulaumu. Pasaka nitakuja na gari nimchukue nyumbani. Huko kuna hewa safi. Akae akiwaangalia ng'ombe, akingoja siku yake kama wazee wengine."

"Angoje siku gani, shemeji? Ana miaka hamsini na minane!"

"Na huo mkono je? Miezi mitano sasa. Umeona hata kidole kikisogea?"

Nzilani alikusanya sahani. Wanyonyi, kijana aliyekuja kila Jumanne kumnyoosha viungo, alikuwa amemweleza waziwazi kuwa mwaka wa kwanza ndio wenye tumaini, na mkono usiotumiwa hujifunga wenyewe ukabaki hivyo. Alimletea Muoki mpira mdogo wa kufinya. Muoki aliusukuma kwa mkono wa kushoto ukabingirika hadi mtaroni. "Wa... toto," alisema kwa ulimi wake mzito, akageuza uso. Yeye aliyewatoa twiga ndani ya magogo apewe mpira kama mtoto! Aibu ile ilimfunga kuliko kiharusi chenyewe.

Na sasa tuseme kweli, maana hadithi isiyosema kweli haithibitishi kitu. Usiku ule Nzilani alimkasirikia Matheka, lakini kufikia asubuhi hasira ilikuwa imegeuka. Alipokuwa akiinamia karai kufua shuka za mumewe, ambazo zilihitaji kufuliwa kila siku iendayo kwa Mungu, alijikuta akihesabu miezi iliyobaki hadi Pasaka, na moyoni mwake akatamani gari la Matheka lije mapema. Alishtuka, akaona haya, akasugua shuka hadi vifundo vya vidole vikamwuma. Alikuwa amechoka. Hakukuwa na neno jingine lililofaa.

Katika wiki hiyohiyo wakaja wageni ambao hawakupiga hodi.

Asubuhi moja Nzilani alifungua mlango akakuta nyaya za umeme juu ya ua zimejaa ndege, bega kwa bega, kutoka nguzo hadi nguzo. Walikuwa mbayuwayu: migongo myeusi yenye rangi ya buluu ndani yake, koo la kahawia, mkia uliopasuka kama mkasi. Waliokosa nafasi kwenye nyaya walikuwa wameshuka kwenye kamba zake nne, juu ya shuka zilizokuwa zimelala nje kukauka. Mamia, wote wakizungumza kwa pamoja. Shuka zilikuwa zimetapakaa madoa meupe na meusi toka pindo hadi pindo.

Komarock maji ya bomba hayaji kwa matakwa ya mtu. Kwa Nzilani yalikuja Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine ni yale ya tangi, na tangi lilikuwa na haja nyingi. Alifua upya. Alipoanika, ndege walipaa kidogo, wakamtazama, wakarudi. Kufikia adhuhuri shuka zilikuwa vilevile. Alifua tena. Mara ya tatu alikaa chini kwenye saruji yenye majimaji, akalia bila kujificha.

Aliyemsikia alikuwa Amino, jirani yake wa ukuta mmoja, mwenye duka la vitambaa Eastleigh. Aliingia na chupa ya maziwa ya ngamia, kama alivyofanya kila alipokuja kumjulia hali mgonjwa. Yeye peke yake kati ya wageni wote alikuwa akienda moja kwa moja jikoni kuosha vikombe.

"Mama Muthoki, unalia kwa sababu ya ndege?"

"Nalia kwa sababu ya kila kitu, mama. Ndege wamezidisha tu."

"Waache tu. Kwetu ndege akija nyumbani hatumfukuzi. Amekuona una mahali."

"Mimi kwetu tuliwafukuza tangu nikiwa mdogo hivi," Nzilani alisema, akipangusa macho kwa pindo la leso. "Na hawa watanijua."

Ilikuwa kweli. Utotoni, katika shamba la mtama la baba yake, Nzilani alikuwa na sifa kijiji kizima kwa kuamia ndege. Alikaa juu ya dungu, jukwaa la miti la mlinzi, kutwa nzima na kombeo mapajani, na kutoka kwenye dungu hilo kamba ndefu zilitandazwa juu ya mtama zikiwa na mikebe yenye mawe. Ndege wakishuka, aliivuta kamba. Mikebe ikalia, ndege wakapotea. Mtama wa baba yake haukuliwa. Basi alitoa stoo mikebe yote ya maziwa ya unga na ya rangi, akatia misumari na kokoto ndani, akaitundika kwenye zile kamba nne, kisha akaziunganisha kwa kamba moja ndefu iliyofika barazani. Barazani ndipo alipokaa Muoki kutwa nzima. Dungu alikuwa nalo, na mlinzi alikuwa naye.

Alipofika na ncha ya kamba, Muoki alinyoosha mkono wa kushoto. Nzilani akamtazama. Uchovu wa miezi yote ulimpanda kichwani, akasema asilolikusudia.

"Huo una kazi ya kikombe. Huu mwingine umekaa hapa kama mgeni tangu Mei. Mgeni siku mbili, Baba Muthoki. Ya tatu mpe jembe!"

Akararua leso kuukuu, akaifunga kamba kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa mumewe, akaingia ndani na kuubamiza mlango. Jikoni alijuta. Amemtukana mgonjwa. Alikuwa akitafuta maneno ya kuomba radhi aliposikia mikebe ikilia uani, kwanza kwa unyonge, halafu kwa kishindo, kisha mvumo mkubwa kama wa nguo elfu zikikung'utwa kwa pamoja.

Alikimbilia dirishani. Muoki alikuwa ameegemea nyuma kwa uzito wa mwili mzima, kwa sababu mkono wenyewe haukuweza, na kamba ilikuwa imekazika. Mbayuwayu wote walikuwa wameinuka. Waliifunika anga ya ua, wakazunguka mara moja na mara ya pili juu ya mapaa, wakapinda wote pamoja kama wenye akili moja. Halafu wakarudi kukaa pale pale walipokuwa. Kutoka barazani ikasikika sauti ambayo Nzilani hakuitambua mara moja. Muoki alikuwa akicheka, mdomo ukiwa umepinda, mate yakimtoka.

"Te... na," alisema. Akaegemea nyuma, akavuta.

Hapo ndipo kosa la Nzilani lilipojulikana. Ndege wa mtama huja kwa ajili ya mtama, ukiwatisha wanaenda kuiba kwingine. Mbayuwayu hawakuja kuiba. Walikula nzi na mbu wa mitaro ya Komarock huko huko angani, na ua walikuwa wameuchagua kwa kupumzikia tu. Baada ya wiki moja waligundua kuwa mikebe haiumi. Muoki alipovuta kwa kuegemea, kelele ilikuwa ndogo, nao waligeuza vichwa, wakaendelea kujichambua manyoya.

"Wamekuzoea," Nzilani alimwambia. "Wanakuona bure."

Jambo hilo lilimuudhi Muoki kwelikweli. Hakuwa na nia ya kuwafukuza. Alichotaka ni kuwaona wakipaa. Na sasa ili wapae ilibidi avute kwa ghafula, kwa kiwiko, wala si kwa mgongo. Alijaribu asubuhi nzima. Alitoka jasho. Alitukana Kikamba, maneno yakimtoka nusu nusu. Siku ya nne kiwiko kilijikunja kwa nguvu yake chenyewe, mikebe ikapiga kelele, anga ikajaa ndege, na mzee akapiga paja lake kwa mkono wa kushoto kama mshabiki wa mpira.

Wanyonyi alipokuja Jumanne alisimama langoni kwa muda, mkoba begani.

"Aaah, mzee! Niaje? Kumbe ulikuwa unanificha?" alisema. Akachutama mbele yake, akaushika ule mkono, akaubonyeza hapa na pale. "Mimi nimemletea mpira akautupa. Nani amemletea ndege?"

"Wamejileta," Nzilani alisema.

"Basi usiwafukuze, mama. Hawa wamekimbia baridi huko mbali sana. Watakuwa hapa mpaka karibu mwezi wa nne. Na hiyo leso uilegeze kidogo kidogo. Kamba ikimponyoka, atalazimika kuishika."

"Na wakizoea tena?"

"Ongeza mawe."

Basi Nzilani aliongeza mawe. Na kwa kuwa mtu hawezi kufukuza na kukaribisha wageni kwa wakati mmoja, aliziacha kamba nne mikononi mwa ndege, akaanza kuanika shuka kwa Amino, upande wa pili wa ukuta. Kila asubuhi alipitisha karai juu ya ukuta, Amino akalipokea. Wakawa wanaongea pale, kila mmoja ameegemeza viwiko kwenye tofali, kuhusu bei ya vitambaa na watoto wasiopiga simu. Tangu Mei Nzilani hakuwa ameongea na mtu kuhusu jambo lisilokuwa ugonjwa.

Krismasi ikapita. Mwezi wa Januari leso ilikuwa imelegea kiasi kwamba haikushika chochote. Asubuhi moja Nzilani alimpelekea mumewe uji, akaikuta leso imeanguka sakafuni. Kamba haikuwa imeanguka. Ilikuwa ndani ya kiganja cha kulia, na vidole vinne vilikuwa vimeikumbatia. Alikiweka kikombe chini polepole. Aliogopa kwamba akisema neno vidole vitasikia na kukumbuka kuwa ni vigonjwa.

Matheka, huko Masii, alikuwa amevunjika kifundo cha mguu akitoka kanisani, akawa hajaja tena tangu Oktoba. Alipiga simu tu. "Pasaka iko palepale," alisema. "Gari nimeshapata." Nzilani alijibu, "Karibu, shemeji," akakata. Angesema nini? Mkono ulishika kamba, lakini bado haukuweza kushika kijiko. Na kuna asubuhi nyingine uliamka mgumu kama kuni, mzee akakaa akiutazama kwa chuki, na uchovu wote wa zamani ukarudi nyumbani mle na kukaa kwenye kiti chake. Siku kama hizo Nzilani alitoka uani na kuwaangalia mbayuwayu. Walikuwa pale. Alijishangaa kwamba aliwahi kuwalilia wasiwepo.

Kisha wakaondoka. Ilikuwa siku nne kabla ya Pasaka. Muoki alikokota mguu hadi kwenye kiti chake, akaishika kamba, akaivuta kwa nguvu zote. Mikebe ililia ua mzima. Hakuna kilichopaa. Nyaya zilikuwa tupu toka nguzo hadi nguzo.

Alivuta tena. Akavuta mara ya tatu.

"Wameenda," alisema. Neno lilitoka zima, halikukatika mahali popote, lakini hakuna aliyelifurahia.

Nzilani aliitazama kamba. Mpira aliutupa, je, kamba isiyo na ndege ataivuta kwa nini? Alikaa kando yake kwenye sakafu ya baraza, wakatazama juu kama watu walioachwa kituoni. Alikuwa tayari kumwona akigeuza uso tena. Badala yake Muoki akasema:

"Nzilani. Yule twiga."

"Twiga yupi?"

"Asiye na miguu."

Alikuwa chini ya kitanda, amefungwa kwenye gunia tangu siku watu wa bandani walipomleta. Nzilani alimleta pamoja na kipande cha msasa, akamweka mapajani mwa mumewe. Mkono wa kushoto ulishika shingo. Wa kulia ulikawia, halafu vidole vinne vilivyojifunza kushika kamba vikashika msasa, vikaanza kusugua. Unga wa mbao ukaanguka kidogo juu ya suruali yake, naye akaupuliza.

Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, pikapu ilisimama langoni. Nyuma yake kulikuwa na godoro lililotandikwa vizuri, na mto, na blanketi, kama mtu anayekuja kuchukua maiti kwa heshima. Matheka alishuka akiegemea fimbo.

"Hodi humu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Alifika barazani akiwa ameshanyoosha mkono wa kushoto, maana hivyo ndivyo alivyozoea kumsalimu ndugu yake tangu augue. Muoki aliutazama mkono ule, akatikisa kichwa. Akamweka twiga kando. Kisha, polepole, bega likitangulia, kiwiko kikifuata, akaunyoosha wa kulia.

Matheka alisita. Alihamisha fimbo, akatoa wake wa kulia, akaugusa ule wa ndugu yake kwa upole kama mtu anayegusa yai. Muoki akafumba vidole. Matheka alicheka kidogo akajaribu kuutoa mkono, ukakataa kutoka. Akavuta tena. Haukutoka. Hapo machozi yalimjaa, akasahau godoro, akasahau gari, akaanguka magotini mbele ya mdogo wake huku mikono yao ingali imeshikana.

"Muoki! Nani? Daktari gani huyu? Mama Muthoki, nani amemtibu?"

Nzilani alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, miguu ameinyoosha mbele. Hakuinuka kuchemsha chai. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mei mgeni kuingia nyumbani mwake akiwa amekaa na asione haja ya kusimama. Alicheka, na ndani ya kicheko hicho alihisi kitu kilichokuwa kimemkaza mabegani kwa karibu mwaka mzima kikilegea.

"Si daktari, shemeji," alisema. Akaelekeza kidole kwenye nyaya tupu, na kwenye mikebe iliyokuwa bado inaning'inia juu ya madoa meupe ya saruji ambayo hakuna maji ya Komarock yangeyatoa. "Ni wageni. Walikaa hapa miezi sita, hawakupiga hodi, wakanichafulia kila nilichoanika, nami nikawatundikia mikebe niwafukuze. Wameondoka juzi tu. Ungewahi kidogo ungewasalimia."

Matheka alitazama juu, akatazama mikebe, hakuelewa kitu. Muoki bado hakuwa amemwachilia.

"Chai iko jikoni, kaka," Muoki alisema taratibu, neno kwa neno. "Leo chemsha wewe. Mwenzangu amechoka."

Godoro lilirudi Masii bila mtu. Na Oktoba iliyofuata, Nzilani alipoona mkia wa kwanza uliopasuka kama mkasi ukitua kwenye waya, alikwenda uani na kuziondoa shuka zake mapema, akazifuta kamba zote nne kwa kitambaa safi, akafungua lango lake jeusi wazi kabisa, ingawa wageni wale hawakuhitaji lango, akasema kwa sauti, akijua sasa maana ya kila neno: mgeni njoo, mwenyeji apone.